Kura ya Mbogo

Usiku wa nne juu ya dungu, debe mapajani,
betri za tochi zimechoka, mwanga wake
rangi ya chai iliyochujwa mara mbili.
Huku Lamadi hatuulizi mbogo watakuja lini.
Tunauliza watapitia kwa nani.

Wakaja saa nane, kwanza kama harufu:
samadi mbichi, tope, majani yaliyotafunwa.
Kisha kwato zikichapa maji ya kina kifupi,
kisha giza lenyewe likaanza kupumua.
Nilihesabu hadi sitini nikapotea,
maana mbogo mmoja akisogea huonekana watano,
na watano wakitulia ni kichuguu.

Sikupiga debe.
Sijui kwa nini sikupiga.
Mtama wa Gamaya ulilala chini kama mkeka.

Kesho yake, saa kumi jioni, nilikwenda kuni
nikawaona ng'ambo ya mto Mbalageti, wamejilaza,
yangeyange wakitembea juu yao kama wenye nyumba.
Jike mmoja akainuka.
Hakula. Hakujinyoosha.
Alisimama tu, uso kauelekeza mashariki,
kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.
Akalala.
Mwingine akainuka, akatazama mashariki, kusini kidogo.
Akalala.
Mwingine.
Mwingine.
Madume wenye shingo za kubomoa ukuta
walikuwa wakicheua, macho nusu.
Hakuna aliyegonga meza. Hakuna aliyesema
naomba tusikilizane.
Jua lilipoligusa ziwa, kundi zima likasimama
likaondoka mashariki, kusini kidogo,
ndama katikati, vilema katikati,
na vumbi likabaki likiwatafuta.

Nyumbani kikao kilikuwa cha tatu.
Ziwa limepanda, limekula majaruba mawili na choo;
tuhame, tusihame?
Shemeji Kwilasa anataka tusogee barabarani, tufungue duka.
Gamaya anataka tujenge tuta.
Mume wangu anataka kila mtu aongee kwa zamu.
Soda zimenywewa, na daftari
limeandikwa tarehe peke yake.

Mimi nachambua dagaa nyuma ya jiko.
Mavyaa wangu Nkwimba akainuka,
akajishika kiuno, akatazama upande wa Magu,
kule kwa kaka zake, kwenye ardhi ya mawe
ambako maji hayajawahi kumdai mtu kitu.
Akakaa. Akaendelea kupepeta.
Holo, mke wa Kwilasa, akainuka, mtoto mgongoni,
akatazama Magu.
Akakaa.
Dagaa wakanidondoka kwenye majivu.
Nikainuka.

Alhamisi tulifunga vyungu kwa kamba za katani.
Wanaume walisema wameamua.
Tukawaacha waseme.

Ila kuna dume mmoja mzee,
sikio limechanika, pembe ya kushoto imebaki kisiki.
Kundi lilishamwacha, au yeye aliliacha,
mbogo hawaandiki talaka.
Hulala topeni karibu na pampu iliyokufa,
shashi wawili wakimdonoa kupe puani,
wala hatazami upande wowote.
Watu humwogopa kuliko kundi zima:
kundi lina pa kwenda.

Bavyaa Lusangija alikataa kupanda gari.
Tulimsihi, tukamkasirikia, Holo akalia.
Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya dungu,
magoti yametapakaa udongo mkavu.
"Yule mwenzangu," akasema, "nani atampigia debe?"
Akanyoosha mkono apewe tochi.

Dereva alikuwa anapiga honi.
Nilikimbia dukani nikanunua betri nne,
za bei kubwa, zile zenye picha ya simba.
Mbili nikamtilia humo humo.
Mbili nikamwekea mfukoni,
nikaufunga kwa pini.